Palsi inakupa namba za ajabu kwenye mashine ya kupimia tranzista? Soma haya kabla hujailaumu mashine

Asalaam aleikum mafundi wenzangu. Suala hili nshaulizwa na vijana watatu kwa muda mfupi, wawili wa hapa Unguja na mmoja yuko Chake Chake, na wote kilio chao kimoja juu ya mosfeti, yaani ile tranzista inayowasha na kuzima umeme ndani ya inveta: "Ami, mashine inanambia mosfeti hii mbovu lakini nikiirudisha kwenye inveta inafanya kazi vizuri tu." Mmoja wao yalimkuta na ya kinyume chake pia, mashine imempa namba safi, kaifunga mosfeti kwenye inveta ya mteja kule Paje, siku ya pili imeungua. Hapo mtu anaanza kuishuku mashine, ati ni mtumba, ati imepigwa na chumvi ya bahari njiani. Inawezekana kweli. Lakini mara nyingi nnapokwenda kuangalia nakuta mashine haina kosa lolote, kosa liko kwenye setingi za palsi, yaani umeme unaowashwa kwa kitambo kidogo tu na kuzimwa, na khasa kwenye jambo moja tu: umesoma wakati gani.

Nnazungumzia mashine za aina ya SMU, yaani zile zinazotoa volti na karenti huku zenyewe zinasoma, ziwe Keithley, Keysight au nyengine yoyote, majina ya menyu yanatofautiana lakini mambo ni yale yale.

Kwanza tuelewane kwa nini tunapima kwa palsi na sio umeme wa moja kwa moja. Chukua IRFZ44N, ile inayojaa kwenye inveta za kila siku. Datashiti, yaani karatasi ya mtengenezaji, inasema ikifunguka risistansi yake isizidi miliomu 17.5, geti (mguu wa kuiamrisha) likipewa volti 10, na chini kwa maandishi madogo wameandika palsi iwe fupi, mikrosekunde mia tatu au mia nne hivi, na duti, yaani sehemu ya muda ambayo palsi imewaka, isizidi asilimia 2. Watu wengi ule mstari mdogo hawausomi. Sasa fanya hesabu mwenyewe: pitisha ampia 10 mfululizo, joto lake ni wati 1.75, na mosfeti ikiwa imesimama peke yake bila ya bati la kupozea inapanda kama digrii 62 kwa kila wati, kwa hiyo inapanda zaidi ya digrii 100 juu ya joto la chumba! Na risistansi ya mosfeti inapanda na joto, kwa hiyo unachopima sio mosfeti ya datashiti tena, ni mosfeti iliyopikwa. Ukipima kwa palsi yenye duti ya asilimia 2, wati za wastani zinabaki 0.035 tu na joto linapanda digrii 2. Ndo maana ya palsi.

Lakini palsi ikiwa fupi mno nayo inakudanganya, manake umeme unapoanza haukai sawa papo hapo, unarukaruka kwanza, waya zinajichaji, mashine yenyewe inatafuta usawa wake. Kwa hiyo kila palsi ina sehemu tatu, mwanzo umeme haujatulia, mwisho joto lishaanza kuharibu, na katikati kuna kipande kilichotulia. Sisi watu wa pwani tunalijua hili, maji yanajaa, yanasimama, halafu yanapwa. Unatakiwa usome maji yakiwa yamesimama. Dalili karibu zote ntakazozitaja hapa chini zinatokana na mtu kusoma kabla au baada.

Kabla ya dalili yoyote, fanya jaribio la risista

Tafadhali usiliruke hili. Toa mosfeti, weka risista unayoijua, iwe nzuri ya asilimia 1, ile ya nguvu isiyosukwa kwa waya wa kuzunguka kwa sababu ya waya inakuwa koili. Ipime kwa umeme wa moja kwa moja na karenti ndogo, andika. Halafu ipime kwa palsi kwa setingi zile zile unazotaka kutumia. Risista nzuri haibadiliki, kwa hiyo namba mbili zikitofautiana kosa liko kwenye setingi au kwenye nyaya, na mosfeti yako haijaingia kesi bado.

Halafu rudisha mosfeti, ipime kwa palsi za urefu tofauti, mikrosekunde 50, 100, 200, 300, 500, mpaka milisekunde 1, kila mara soma karibu na mwisho wa palsi, na uchore kwenye karatasi. Utaona mstari unaanza ovyo, unanyooka, halafu unaanza kupanda. Pale uliponyooka ndo pako. Kazi hii inachukua dakika kumi na inakuokolea wiki nzima ya kubahatisha. Miye sasa mosfeti ya aina mpya sigusi kitu mpaka nimechora mstari huu.

Risistansi iko juu kila wakati, urefu wa palsi haubadilishi kitu

Hizi ni nyaya, usitafute pengine. Waya wa shaba wa milimita mraba 1 wenye urefu wa mita moja una karibu miliomu 17, yaani sawa na mosfeti yenyewe! Ukipima kwa nyaya mbili unapima waya kwanza, mosfeti baadae. Tumia nyaya nne, mbili zinapeleka karenti, mbili nyengine nyembamba zinasoma volti tu, na hizo za kusoma zishike mguu wa mosfeti karibu kabisa na mwili wake, sio kwenye ncha. Na uende kwenye menyu uhakikishe umeiambia mashine kuwa unatumia nyaya nne. Nshaona mtu kafunga nyaya nne vizuri kabisa lakini mashine bado iko kwenye mbili, kakaa siku mbili anahangaika.

Ukishafanya hivo na bado iko juu, angalia soketi na klipu. Hewa yetu ina chumvi, klipu inayong'aa leo baada ya masika mawili ina ukungu wa kijani. Badilisha klipu, usikwangue tu.

Namba inapanda kila ukirefusha palsi, au inapanda kadri unavorudia kupima

Joto. Hapa tofautisha mambo mawili. Ikiwa namba inapanda ndani ya palsi moja, palsi ni ndefu, ifupishe. Ikiwa palsi ya kwanza inasoma sawa na ya ishirini iko juu, basi ni duti, mosfeti haipati nafasi ya kupoa kati ya palsi na palsi. Usipunguze urefu, refusha kipindi, yaani muda toka palsi moja inapoanza mpaka nyengine inapoanza. Palsi ya mikrosekunde 300 kwa duti ya asilimia 2 inataka kipindi cha milisekunde 15, chini ya hapo unaipika kidogo kidogo bila kujua.

Na usisahau chumba. Mashine nyingi usahihi wao wameuandika kwa chumba cha digrii 23, wanaruhusu 5 juu na 5 chini. Karakana zetu mwezi wa pili kaskazi ikipungua ni digrii 31, 32. Washa mashine mapema, iache saa moja mpaka mbili ipate moto wake wa kawaida, na andika joto la chumba pembeni ya kila kipimo. Ukilinganisha kipimo cha asubuhi na cha saa nane mchana bila kujua joto utapata majibu ya uongo.

Palsi fupi inatoa namba kubwa au hata hasi, ukirefusha inakuwa sawa

Hapa ndo walipokwama wote watatu kwa hiyo ntakaa kidogo.

Waya wowote una indaktansi, yaani unazalisha volti karenti inapobadilika ghafla. Nyaya za kwenda na kurudi zikiwa zimeachana mezani, mita moja inakupa kama mikrohenri 1. Ukipandisha ampia 10 ndani ya mikrosekunde 10, waya huo peke yake unazalisha volti 1. Sasa mosfeti yetu kwa ampia 10 ina milivolti 175 tu. Yaani uongo ni mkubwa kuliko ukweli karibu mara sita, na ukipandisha ndani ya mikrosekunde 1 uongo unakuwa volti 10. Nyaya nne zinasaidia sana hapa lakini haziondoi yote, kwa sababu nyaya za kusomea zikilala sambamba na nyaya za karenti zinaokota ule mshtuko kama antena. Dawa yake: sokota waya wa kwenda na wa kurudi pamoja, sokota na jozi ya kusomea peke yake, zitenganishe jozi mbili hizo, fupisha kila kinachofupishika, na punguza kasi ya palsi kupanda. Hakuna anayekulazimisha kupandisha kwa mikrosekunde 1 ikiwa palsi yako ni ya 300, mpe 20 au 30, itulie.

Halafu njoo kwenye dirisha la kusomea, yaani mashine inangoja muda gani baada ya palsi kuanza, na inasoma kwa muda gani. Miye kwa palsi ya 300 nangoja 200, nasoma 80, inabaki 20 kabla palsi haijashuka. Lakini sasa kuna mtego mbaya. Mashine nyingi muda wa kusoma hauuandiki kwa mikrosekunde, unauandika kwa mizunguko ya umeme wa ukutani. Umeme wetu ni hezi 50, mzunguko mmoja ni milisekunde 20, kwa hiyo ukiandika 0.01 umeiambia isome mikrosekunde 200. Ukiongeza na zile 200 za kungoja inakuwa 400, na palsi yako ni 300! Mashine nyengine itakataa na kukupa ujumbe wa kosa, na hiyo ndo rafiki yako. Nyengine itasoma tu, nusu palsi nusu hewa, na kukupa namba iliyopooza ambayo inaonekana kama ya kweli. Kwa kusoma 80 unatakiwa uandike 0.004.

Na mtego wa pili, urefu wa palsi wenyewe sio kila mashine inauhesabu sawa. Kuna zinazohesabu toka palsi inapoanza kupanda, kuna zinazohesabu toka nusu ya kupanda mpaka nusu ya kushuka. Ukihamisha setingi za mashine hii kwenda ile bila kuangalia, dirisha linahama.

Njia ya kumaliza ubishi ni osiloskopu, mashine inayochora umeme kwenye skrini. Weka probu kwenye miguu ya mosfeti, itazame palsi kwa macho yako. Kama mashine yako ina uwezo wa kuchora palsi nzima badala ya kutoa namba moja, utumie. Namba moja haikuonyeshi ilipotoka, umbo la palsi linakuonyesha kila kitu.

Ukipima mosfeti ambayo geti nalo linapigwa palsi, angalia na mpangilio. Geti ifunguke kwanza, itulie, ndo dreni, mguu unaopokea karenti kubwa, ipate palsi yake. Dreni ikitangulia unasoma mosfeti iliyofungwa nusu. Geti lina kapasitansi, la IRFZ44N ni kama pikofaradi 1500, ukiweka risista ya kilo-omu 1 mbele yake linahitaji mikrosekunde kadhaa kujaa, kwa hiyo mpe 50 za kutangulia na uwe na amani.

Karenti ya kuvuja inaonekana kubwa mno

Hii ni ile karenti inayopita mosfeti ikiwa imezimwa. Hili linanikera kwa sababu watu wanatupa mosfeti nzima kwa sababu yake. Kebo ya koaksi ina karibu pikofaradi 100 kwa kila mita. Kebo ya mita 2 ukiipandisha volti 10 ndani ya mikrosekunde 1 inakunywa miliampia 2 kwa ajili ya kujichaji yenyewe tu. Datashiti ya mosfeti inazungumzia kuvuja mikroampia 25 kwa juu kabisa. Umesoma mapema, umeona miliampia 2, umesema mosfeti inavuja. Haivuji, ni kebo.

Shauri langu ni kuwa kuvuja usikupime kwa palsi kabisa. Hakuna joto pale la kuliogopa, tumia umeme wa moja kwa moja, ngoja sekunde nzima au mbili, soma taratibu kwa mzunguko mzima wa umeme wa ukutani au hata kumi. Palsi ni kwa karenti kubwa.

Halafu kabla hujasema inavuja, toa mosfeti, pima soketi tupu. Siku za masika soketi tupu inaweza kukusomea karenti, kwa sababu vumbi limeshika unyevu na chumvi. Safisha kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, iache ikauke vizuri, usishike kwa vidole vyenye jasho, na ukimaliza kazi ifunike ndani ya boksi lenye vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Usivitupe, vinasaidia kweli.

Namba ni ile ile hata ukibadilisha mosfeti

Mashine imegonga kikomo ulichokiweka mwenyewe. Umeomba ampia 10 lakini kikomo cha volti umeweka kidogo mno, basi juu ya palsi panakuwa bapa na namba unayosoma ni kikomo, sio mosfeti. Angalia taa au alama ya kikomo kwenye skrini, mara nyingi kwa palsi fupi inawaka na kuzima haraka mno huioni. Na renji, yaani kiwango cha kusomea, uifunge kwa mkono. Mashine ikiachiwa ijitafutie renji yenyewe, ndani ya mikrosekunde 300 haiwezi kumaliza kutafuta.

Namba zinacheza, kila palsi na jibu lake

Kama zinacheza kidogo tu hiyo ni kelele ya umeme wa ukutani, na palsi fupi haiwezi kuichuja peke yake kwa sababu inakata kipande kidogo cha mzunguko. Chukua palsi nyingi, piga wastani. Lakini, na hapa nisikilizeni vizuri, usiweke kipindi cha milisekunde 20 wala 40. Ukifanya hivo kila palsi inaangukia pahala pale pale kwenye mzunguko wa umeme, kelele inakuwa ile ile kila mara, wastani hauiondoi, na kibaya zaidi namba zitatulia kabisa na utaziamini. Weka milisekunde 25. Hapo kila palsi inasogea robo ya mzunguko, palsi nne zinazunguka mduara mzima na kelele inajiua yenyewe. Piga wastani wa palsi 20, zigawike kwa nne, umemaliza. Duti nayo kwa palsi ya 300 inakuwa asilimia 1.2, uko salama.

Mashine zilizotoka Marekani hakikisha zimegeuzwa hezi, kwao ni 60. Ikibaki hivo kila muda wa kusoma unaouandika kwa mizunguko unakuwa mfupi kuliko unavodhani. Na kama unaiendesha kwa inveta ile ya bei rahisi isiyotoa wimbi laini wakati umeme umekatika, usipime kitu siku hiyo, fanya kazi nyengine.

Kama zinacheza sana, au mstari wa karenti na volti una kona za ajabu katikati, hapo mosfeti inajitetemesha yenyewe kwa kasi ya mamilioni ya mara kwa sekunde. Weka risista ya omu 100 au zaidi kwenye geti, iwe karibu kabisa na mguu, au ile shanga ya feraiti. Inatulia pale pale.

Geti zinakufa moja baada ya nyengine

Simama, usiendelee kupima. Wanaotumia jenereta ya palsi ya omu 50 pembeni ya mashine yao ndo wanaopatikana hapa. Jenereta inadhani mbele yake kuna omu 50, kwa hiyo ukiiomba volti 10 inatoa 20 ndani, ikijua nusu itabaki kwake. Geti sio omu 50, geti ni kama limefunguka wazi, basi volti zote 20 zinalifikia, na IRFZ44N mwisho wake ni 20. Bado palsi kali inarudi nyuma kwenye kebo na kurukaruka juu zaidi ya hapo. Nenda kwenye menyu ya jenereta uiambie mzigo ni mkubwa, au weka risista ya omu 50 mwisho wa kebo, halafu uhakikishe kwa osiloskopu kabla hujafunga mosfeti yoyote. Mosfeti yenye geti lililojeruhiwa haifi siku hiyo hiyo, inaweza kupima vizuri na kufa kwa mteja, na ndo nnavodhani iliungua ile ya Paje.

Yule kijana wa Chake Chake yeye alikuwa anasoma mikrosekunde 20 baada ya palsi kuanza, na nyaya zake za karenti zilikuwa ndefu zimetawanyika meza nzima. Kazisokota, kasogeza dirisha mpaka 200, kanitumia picha ya mstari wake, umenyooka toka 120 mpaka karibu 400. Jana usiku alikuwa kashusha lile kopo la mosfeti alizoziandika mbovu, anazipima upya moja moja, kila moja na karatasi yake.